ELM: databesi ya motifu za protini, nzuri sana ila usiamini kila inachokuonyesha

Kama unataka kuielewa korona zaidi ya ile picha ya mpira wenye miiba, ingia ELM (Eukaryotic Linear Motif). Ni databesi ya motifu, yaani vipande vifupi vya protini vyenye kazi maalumu, ipo tangu 2003, kwa masomo na utafiti ni bure na haikusumbui na mambo ya kujisajili. Unabandika sikwensi yako (mfuatano wa asidi amino za protini) au namba ya UniProt, ile hazina ya taarifa za protini, spaiki ya SARS-CoV-2 (protini ya ile miiba) kwa mfano ni P0DTC2, unachagua kiumbe na sehemu ya seli, unasubiri kidogo, inakuchorea protini nzima na alama kila palipo na kipande kinachofanana na motifu inayojulikana.

Na hizo motifu ndo mchezo wenyewe wa hawa virusi. Ni asidi amino chache tu, mara nyingi 3 mpaka 10, ambazo protini za seli zimezoea kuzishika, sasa virusi navyo vinaziiga, maana kubadilisha herufi mbili tatu (kila herufi ni asidi amino moja) ni rahisi kuliko kuunda domeni nzima, yaani kipande kikubwa cha protini kilichojikunja, alafu seli inajikuta inavihudumia bila kujua. ELM imezipanga kwa kazi: za kukatwa, za kuharibiwa, za kushikana, za kupelekwa mahali fulani nk, na kila motifu ina ukurasa wake unaoeleza nani anaishika, pamoja na mifano iliyothibitishwa maabara. Kwangu mimi hizo kurasa ndo utamu, kuliko hata huo utafutaji wenyewe.

Chukua mkia wa spaiki. Herufi tano za mwisho ni KLHYT, unaweza kuzipita kama hujaziona, lakini ndo zinazofanya mfumo wa COPI, unaorudisha protini nyuma ndani ya seli, uirudishe spaiki kutoka Golgi (panapofungashwa protini), ikae karibu na lile eneo kati ya ER (panapotengenezwa protini) na Golgi ambako virusi vipya vinaundwa, sio yote ikimbilie juu ya seli. Soma ukurasa wa motifu za kurudisha protini kwenye ER utaelewa vizuri kabisa. Kuna na RRAR, nafasi ya 682 hadi 685, hapo furini, kimeng'enya cha seli, inaikata spaiki kabla virusi havijatoka kwenye seli, SARS ya 2003 haikuwa na hiyo, na ikishakatwa ile ncha inayobaki wazi inashikana na neuropilini-1, protini ya juu ya seli. Alpha na Delta zote zilibadilika nafasi ya 681, yaani jirani yake kabisa. Protini E, ile ndogo ya utando wa virusi, inaishia na DLLV, inashika domeni za PDZ (vipande vya protini za seli vinavyoshika mikia kama hiyo), sawa, twende.

Sasa lawama. Matokeo ni mengi mno! Motifu ya R, chochote, chochote, R ina nafasi mbili tu zilizofungwa, kwahiyo tukifanya asidi amino zote 20 zinatokea sawasawa utaikuta kwa bahati tu kila nafasi 400 hivi, na spaiki ina asidi amino 1273, hapo tayari una kama tatu zisizo na maana yoyote, na hiyo ni motifu moja tu. Vichujio vinasaidia, vinakuonyesha wapi protini imejikunja na wapi imelegea, ila kufikiri ni juu yako: sehemu kubwa ya spaiki haikai upande wa saitoplazimu, ukiona motifu ya kushikwa na kitu cha saitoplazimu imeangukia nafasi ya 500 achana nayo.

Kingine, imejengwa kwa ajili ya seli zenye kiini, kwahiyo sehemu zinazokatwa na protiezi (vimeng'enya vya kukata protini) za korona zenyewe zitafute kwa mkono kwenye ile poliprotini ndefu, yaani protini moja inayokatwa kuwa nyingi. Protiezi kuu inakata sehemu 11, baada ya Q. PLpro, protiezi ya pili, inakata 3, baada ya LxGG (x ni yoyote), na hii usiiruke, maana ubikwitini, protini ndogo ambayo seli inaibandika kwenye protini nyingine kama alama, nayo inaishia na LRGG, ndo maana PLpro hiyohiyo inaenda kubandua ubikwitini na ndugu yake ISG15 kwenye protini za seli na kengele za kinga zinafifia.

Nyota 4 kati ya 5. Ukianza, anza na protini E, ina asidi amino 75 tu, matokeo yake unayasoma yote bila kuchoka, spaiki iache kwanza.