Miezi 18 na huduma ya wazee nyumbani: uzoefu wangu na Mama

Mama ana miaka 81 na anaishi peke yake kijijini, katika nyumba aliyoijenga na marehemu Baba. Watoto wote tuko mbali. Aliye karibu kidogo ni mimi, na hata mimi ni mwendo wa saa 4 kumfikia. Siku moja nilimkuta na jeraha mkononi, akaniambia amebanwa na mlango. Ndugu tukakaa kikao. Wawili walitaka ahamie kwao. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nyumba hii nikiamka usiku bila taa naijua. Huko kwenu nitakuwa mgeni mpaka nife." Ndipo tukaanza kutafuta huduma ya kumsaidia akiwa palepale kwake. Naandika kwa sababu wakati ule nilitafuta mtu wa kunieleza huduma hizi zikoje hasa, sikumpata.

Tuliyoipata inaendeshwa na kikundi cha kijamii kinachofanya kazi bega kwa bega na kituo cha afya. Mhudumu huja mara 3 kwa wiki na kukaa saa 2. Muuguzi hupita mara moja kwa mwezi. Kuna fundi wa kurekebisha nyumba, gari la kumpeleka kliniki, na mtu wa kumpigia simu siku ambazo hakuna anayefika. Simu hiyo niliidharau mwanzoni. Leo ukiniuliza wakate nini, simu nitaitetea kwa nguvu zote, kwa sababu Mama asipopokea mara 2 jirani anatumwa kwenda kumwangalia, na mimi siku hizi nalala.

Siku ya kwanza muuguzi alikuja na fomu yenye mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani na kukaa kitini, kuweza kujizuia haja, na kula. Orodha hiyo si ya kijijini kwetu tu. Ilitokana na kazi ya daktari Sidney Katz na wenzake iliyochapishwa mwaka 1963, na bado inatumika sehemu nyingi. Alipofika kwenye kuoga nikajibu haraka, "Hapo anahitaji kusaidiwa." Muuguzi akageuza kiti chake kumwelekea Mama. "Shikamoo tena Mama. Hebu tukusikie mwenyewe." Mama akasema, "Kuoga naoga, mwanangu. Kinachonishinda ni kuibeba ndoo."

Jibu hilo lilibadilisha mpango mzima. Mimi nilikuwa nimeshaomba mtu wa kumwogesha. Badala yake mhudumu anayagawa maji kwenye vyombo viwili vidogo, anaviweka juu ya kigoda pale Mama asipolazimika kuinama, anatoka, anafunga mlango. Mama anaoga mwenyewe. Nusura nimnyang'anye jambo analoliweza, tena kwa nia njema kabisa.

Kisha wakampima mwendo. Alikaa kwenye kiti, akaambiwa ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Muuguzi ameshika saa. Sekunde 19. Akanieleza kwamba kuanzia sekunde 12 wanaanza kuwa na wasiwasi wa mtu kuanguka. Akampima presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama, akarudia dakika ya 3. Namba ya juu ilishuka kutoka 146 hadi 118. Kushuka kwa 20 au zaidi namna hiyo ndiko kunakoleta kizunguzungu mtu anapoinuka, na Mama alikuwa ameshazoea kizunguzungu hicho akidhani ndio uzee. Aliporudi kwa daktari na mfuko mzima wa dawa zake zikahesabiwa aina 7, mbili kati ya hizo zikifanya kazi ileile, kila moja ikiwa imeandikwa na kliniki yake. Daktari akazipanga upya. Tafadhali, kama una mzazi anayetibiwa sehemu zaidi ya moja, zikusanye dawa zote zionwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Hata mkongojo aliutumia vibaya miaka yote hiyo, na sisi tukimtazama. Alikuwa anaushika upande wa goti bovu. Inatakiwa uwe mkono wa upande mzima, na urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, mtu akisimama wima na mkono ukining'inia. Wakaukata kidogo, wakavisha mpira mpya chini. Kazi ya dakika 10.

Nimkumbuke fundi pia. Nilitegemea aje na vishikio vya chuma, avipigilie ukutani aondoke. Akamwomba Mama aingie bafuni kama anavyoingia kila siku, akiwa amevaa nguo zake, avuke kizingiti, akae kwenye kigoda, ainuke. Mama alipoinuka mkono wake wa kushoto ulikwenda ukutani wenyewe, na fundi akaweka alama ya penseli palepale vidole vilipogusa. Akamwambia arudie. Mkono ukaenda palepale. Kishikio kikafungwa hapo, chini zaidi ya pale ambapo mimi ningekiweka. Zulia dogo la chumbani alitaka liondolewe, Mama akakataa katakata, basi likabanwa kingo zote zisinyanyuke.

Mwezi wa tatu tangu huduma ianze, mhudumu aliniomba nimpigie simu Mama nikiwa nimetulia, kwamba ana neno. Mama ndipo akaniambia kwamba lile jeraha halikuwa la mlango. Alianguka nje usiku, na kabla ya hapo alikuwa ameanguka mara nyingine, akakaa chini muda mrefu mpaka akapata nguvu ya kujivuta. Hakusema kwa kuogopa kwamba tungemhamisha. Nililia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi wao ni wenye zaidi ya miaka 60. Lakini hofu ya kuondolewa nyumbani ndiyo iliyokuwa inamfunga mdomo mama yangu. Alimwambia mhudumu kwanza kwa sababu mhudumu hakuwa na uwezo wa kumhamisha. Sijawahi kuona huduma hiyo ikiandikwa kwenye karatasi yoyote.

Sasa malalamiko, na hili la kwanza ni kubwa. Mhudumu wetu alipokwenda likizo, ndani ya wiki 3 walikuja watu 4 tofauti. Mmoja wao, binti mwenye bidii sana, alipanga jiko lote upya. Likapendeza. Sufuria anazotumia Mama kila siku akazipandisha rafu ya juu. Mama, asiyetaka kusumbua mtu, akapanda juu ya stuli kuzifuata. Hakuanguka, lakini jirani aliyeingia wakati huo aliniambia magoti yalikuwa yanamtetemeka. Nilipiga simu ofisini kwao nikiwa na hasira. Walinisikiliza, na wiki hiyohiyo wakabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati: vitu gani visihamishwe, sikio gani linasikia vizuri, apewe muda gani kabla ya kusimama. Karatasi hiyo ilistahili kuwapo siku ya kwanza.

La pili ni kengele ya kuvaa shingoni, ile ya kubonyeza ukianguka. Waliijaribu sebuleni, ikaita, tukafurahi. Nilipokuja mimi nikaivaa nikazunguka nayo. Chooni nje haikuita kabisa, mtandao haufiki. Na huko ndiko alikoanguka! Ilibidi waje kufunga antena, ikachukua miezi 2. Ukipewa kifaa hiki usikubali kijaribiwe kwenye kochi. Nenda nacho bafuni, nenda uani, lala nacho chini kabisa sakafuni, ubonyeze.

Wikiendi hakuna huduma. Gari la kliniki ni la kuweka nafasi mapema, na mvua ikiharibu barabara miadi inapotea. Imetupata mara 2. Ripoti za kila mwezi zilikuwa zinatumwa kwangu bila Mama kuzisikia, na hilo nililikataa mwenyewe. Habari za mwili wake anasomewa yeye kwanza, kisha anaamua mimi nipewe nini. Umoja wa Mataifa ulipopitisha kanuni zake kuhusu wazee mwaka 1991, kujitegemea kuliwekwa mwanzo kabisa, na kukatajwa kwamba mzee aweze kuishi nyumbani kwake kadiri inavyowezekana. Sioni namna ya kujitegemea wakati wengine wanakujadili nyuma ya mgongo wako.

Je, inamfaa kila mzee? Kama mtu amepoteza kumbukumbu kiasi cha kutoka usiku akapotea, saa 2 mara 3 kwa wiki hazitoshi, na usijidanganye kuwa zitatosha. Kwa aliye kama Mama, mwenye akili timamu na mwili unaochoka, naipendekeza kwa moyo mweupe, mradi familia iwe inafuatilia. Hatujawaachia mzigo wote. Dada yangu anashika simu za Jumamosi, mimi Jumapili.

Kipimo cha mwendo cha mwezi uliopita kilikuwa sekunde 14. Tathmini nyingine iko mwezi ujao, na Mama ameshaandaa ombi lake: anataka kishikio kwenye mlango wa nyuma, anapotokea kwenda kupalilia bustani. Nilipomtembelea juzi alinionyesha. Ukutani, kando ya fremu ya mlango, ameshaweka alama ya penseli mwenyewe.