TV kubwa ya sebuleni: uchukue plasma ya mtumba, LED, QLED au OLED?

Ukiingia Kariakoo kutafuta TV ya inchi 50, utaoneshwa za aina mbili. Moja ni mpya, nyembamba, bado imo kwenye boksi, na bei yake imechangamka. Nyingine imekuja na kontena, ni nene kidogo, nzito, bei nusu ya ile au chini ya hapo, na muuzaji anakuhakikishia: "Bosi, hii ni plasma orijino ya Uingereza, hizi za siku hizi haziifikii kwa picha." Kwenye picha hadanganyi sana. Ila hajakutajia LUKU.

Tuanze na hesabu hiyo, maana ndiyo iliyonipangia orodha yote ya hapa chini. Plasma ya inchi 50 hula kama wati 300 kwa wastani, na hupanda zaidi picha ikiwa na weupe mwingi. LED ya sasa ya inchi 55 hula karibu wati 100. Nyumba inayowasha TV saa tano kwa siku itamaliza uniti 45 kwa mwezi kwa plasma, na uniti 15 kwa LED. Mwenye plasma aliye kwenye T1, daraja la kawaida la umeme, anayelipa karibu Sh 350 kwa uniti, kodi zikiwemo, anamzidi mwenzake wa LED kwa Sh 10,500 kila mwezi, yaani Sh 126,000 kwa mwaka. Aliye kwenye D1, daraja la watumiaji wadogo, anaumia zaidi: uniti zake za bei nafuu ni 75 kwa mwezi, na plasma peke yake imeshachukua 45. Weka friji hapo, umevuka, na kinachozidi unakilipia kwa bei ya juu. Punguzo la laki mbili na nusu ulilofurahia dukani linaisha kabla ya miaka miwili. Kenya na Uganda, ambako uniti ni ghali kuliko Tanzania, linaisha mapema zaidi.

1. LED ya 4K, inchi 50 au 55, mpya

Hii ndiyo ya watu wengi, na sioni aibu kuiweka juu ingawa haina maajabu. Umeme kidogo, nyepesi kutundika, vipuri vipo, na ugonjwa wake mkubwa unajulikana: sauti inatoka, picha hakuna. Hapo taa za nyuma ya kioo zimeungua, na fundi yeyote mzuri anabadilisha mistari ya taa bila kubadilisha kioo. Kioo chenyewe kikipasuka ni habari nyingine. Bei ya kukibadilisha hukaribia bei ya TV mpya. Wenye watoto wanaorusha rimoti hupenda zile za "double glass" kwa sababu hiyo. Zinakinga kweli, lakini kioo cha ziada kinaakisi dirisha na taa, kwa hiyo usiitazamishe na mlango wa nje.

Dukani simama ubavuni mwa TV, siyo mbele tu. Kuna vioo vinavyotoa weusi mzuri ukikaa katikati lakini rangi zinapauka ukisogea pembeni, na kuna vinavyobaki sawa kila upande ila weusi wake ni kijivu. Sebule ya makochi matatu kuzunguka ukuta inahitaji aina ya pili. Anayetazama filamu usiku na mwenzake mmoja, achukue ya kwanza.

Pima kabla hujatoka nyumbani. Inchi 55 ni upana wa sentimita 122 hivi, inchi 65 ni 144. TV nyingi za sasa zina miguu miwili iliyokaa mwisho kabisa, huku na huku, kwa hiyo kabati lililobeba TV yako ya zamani kwa raha linaweza kushindwa kuupokea mguu mmoja. Kwa umbali, inchi 55 inapendeza ukikaa mita mbili hadi mbili na nusu. Zaidi ya mita tatu, inchi 65 si ubishoo.

Halafu ile sehemu ya "smart". TV zenye Google TV, Tizen ya Samsung, webOS ya LG au VIDAA ya Hisense zina programu zilizoidhinishwa. Zile za bei ya chini zenye Android isiyotajwa toleo mara nyingi zimewekewa Android ya kawaida tu, siyo ile ya TV. YouTube inafunguka, Netflix inagoma au inaonesha picha hafifu. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako. Na kama intaneti yako ni bando la simu, jua kwamba Netflix ya 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa moja.

2. QLED au Mini LED, inchi 65

QLED ni LED ileile iliyoongezwa tabaka la kukoleza rangi. Neno hilo peke yake lisikutoe pesa nyingi. Kinachostahili nyongeza ni Mini LED, ambayo taa zake ndogondogo za nyuma zinazimika kwa makundi pale picha ilipo nyeusi. Kwa sebule yenye madirisha makubwa na jua la saa nane mchana, hii inashinda kila kitu kwenye orodha hii.

3. Plasma ya Full HD ya miaka ya mwisho

Panasonic ilisitisha utengenezaji wa plasma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Hakuna plasma mpya popote duniani. Anayekuuzia "mpya" anakuuzia iliyosafishwa.

Kwa nini basi iko nafasi ya tatu na si ya mwisho? Kwa sababu ya mpira. Kila nukta ya plasma ni kichumba kidogo chenye gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hutoa mwanga usioonekana unaowasha rangi iliyopakwa ndani ya kichumba hicho. Nukta inajiwashia yenyewe, inawaka na kuzima haraka mno, ndiyo maana winga akikimbia na mpira havuti ukungu nyuma yake. Weusi ni mzito, na aliyekaa kwenye kigoda cha pembeni kabisa anaona sawa na aliye katikati. LED nyingi za bei ya kawaida bado hazifanyi hivyo. Nikiwa na chumba chenye giza, niko T1 na natazama saa mbili tu za usiku, ningeichukua kwa moyo mweupe.

Ila ichukue kwa macho. Kwanza hakikisha ni plasma, maana TV yoyote bapa ya mtumba huitwa hivyo. Soma namba ya modeli nyuma: kwa zilizotoka Ulaya, Panasonic za plasma huanza na TX-P (TX-L ni LCD), Samsung huanza na PS, na LG huandika ukubwa kisha P, kama 50PK. Kwenye lebo hiyohiyo angalia volti. Iandikwe 220–240V, iliyotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani inaweza kuandikwa 100V au 120V tu, na hiyo ukiichomeka kwenye soketi ya ukutani kwako utanusa moshi. Tatu, tafuta maneno Full HD. Plasma nyingi za inchi 42 zilizoandikwa HD Ready zina nukta 1024 kwa 768 tu, pungufu ya nusu ya Full HD (1920 kwa 1080).

Nenda na flashi yenye picha tupu za rangi moja: nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, nyeusi. Kwenye nyeupe na nyekundu angalia kama kuna kivuli cha nembo ya chaneli fulani kimejichora pembeni. Hicho hakifutiki kwa kitambaa. Kwenye nyeusi tafuta vinukta vinavyomemeta mahali pasipo na kitu, dalili kwamba bodi inayolisha kioo umeme inachoka. Iache iwake nusu saa nzima, maana magonjwa mengi ya plasma hutokea ikishapata moto. Bodi hizo hazitengenezwi tena, fundi atakuchomolea kwenye TV nyingine iliyokufa. Kelele ya nzi kidogo ni kawaida. Inaongezeka mahali pa juu kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo plasma iliyokuwa kimya Dar inaweza kuunguruma Njombe au Limuru.

Mwenye kibanda umiza atavutiwa: giza lipo, watu wamekaa kila pembe, mpira kila siku. Lakini chaneli moja ya michezo, nembo na ubao wa magoli palepale saa nane kwa siku, hakuna kinachoua kioo cha plasma haraka kuliko hicho. Achukue LED.

4. OLED

Picha bora kuliko zote, plasma ikiwemo. LG ilianza kuuza za inchi 55 mwaka 2013, na ndizo zilizorithi kiti cha weusi safi, maana nukta zake nazo zinajiwashia zenyewe. Naiweka chini kwa sababu ya maisha yetu: TV inawashwa asubuhi kwenye chaneli moja ya habari na kuzimwa usiku, na OLED nayo hushika alama. Kioo chake kikiharibika, umenunua nyingine. Mwenye nidhamu na pesa asinisikilize.

Mkiani kabisa ziko plasma za HD Ready za inchi 42, LCD za mtumba zenye taa za mirija, ambazo zinakula umeme mwingi bila ule uzuri wa plasma, na zile za inchi 65 zisizo na jina zinazouzwa kwa bei ya inchi 50.

Kuifunga nyumbani

Plasma husafiri ikiwa imesimama. Kuilaza kwenye keria ya bajaji ni kuhatarisha kioo, na ya inchi 50 ina kilo 30 hivi au zaidi, kwa hiyo ibebwe na watu wawili. Isitundikwe kwenye ukuta wa jipsam hata fundi akiapa. Kwenye matofali ya saruji yenye matundu, toboa mpaka upate sehemu ngumu na utumie bolti za kujitanua, siyo misumari. Acha nafasi ya kupumua pande zote, kama sentimita 10. LED inavumilia zaidi, ila kabla ya kununua braketi pima umbali kati ya matundu ya nyuma: 200 kwa 200, 400 kwa 200, na kadhalika, kwa milimita.

Urefu ndio unaokosewa kila nyumba. Watu huitundika juu kama picha ya Rais ofisini, halafu shingo zinauma. Katikati ya kioo paje usawa wa macho ya aliyekaa, kama mita moja kutoka sakafuni, zaidi kidogo kwa makochi marefu.

Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, hivyo weka TV guard, kifaa cha kuikinga TV kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme. Kwa plasma hakikisha kinabeba wati zake. Radi ikianza, chomoa na waya wa antena au dishi pia, siyo plagi peke yake.

King'amuzi cha HD kiunganishe kwa HDMI. Bado kuna nyumba zenye TV ya milioni na zaidi zinazotumia zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, kisha lawama zinaenda kwa TV. Sabufa ikiwa na HDMI ipeleke kwenye tundu lililoandikwa ARC, rimoti moja itatosha.

Mwisho mipangilio. TV ikitoka boksini huwa imewekwa picha ya kung'arisha duka. Chagua Movie, Cinema au Filmmaker. Siku mbili za kwanza utaona kama imepauka, halafu macho yatazoea. Kwenye LED shusha mwanga wa nyuma usikae 100, taa zitadumu. Kwenye plasma washa Pixel Shift au Orbiter, inayosogeza picha kidogokidogo ili isijichore, jaza kioo chote badala ya kuacha mistari myeusi pembeni, na usiache filamu imesimama wakati unakwenda kula.