Geiriadur Prifysgol Cymru: Kamusi Niliyoipima kwa Neno Moja

Kamusi ya kihistoria hupimwa vizuri zaidi kwa neno dogo la kila siku, kwa sababu neno la namna hiyo ndilo lililobeba maana nyingi. Kwa hiyo Geiriadur Prifysgol Cymru, kamusi ya Chuo Kikuu cha Welisi inayosomwa bure kwenye intaneti tangu mwaka 2014, niliipima kwa kivumishi gwyn, yaani -eupe.

Aliyezoea mweupe, cheupe na jeupe hatashangaa kuona kivumishi kikiifuata nomino yake. Katika Kiwelisi, hata hivyo, badiliko huingia hadi kwenye irabu ya mzizi: mbwa, ambaye ni nomino ya kiume, huwa ci gwyn, na wakiwa wengi huwa cŵn gwynion, ilhali paka, nomino ya kike, huwa cath wen, kwa kuwa irabu imegeuka na g ya mwanzo imedondoka. Anayekutana na wen kitabuni hana budi kwanza kuirudishia g yake. Kamusi inayakusanya maumbo ya kike na ya wingi chini ya kidahizo kimoja, yaani neno kuu linaloorodheshwa na kufafanuliwa, nami naona huo ni msaada mkubwa.

Asili ya neno ni windos ya Kikelti cha kale, mzizi uliozaa pia fionn ya Kiayalandi. Utamu zaidi, kwangu, umo katika maana, kwani weupe huo umevuka rangi ukafika kwenye utakatifu na baraka. Pale ambapo Biblia yetu husema "Heri", ile ya Kiwelisi husema Gwyn eu byd, yaani ulimwengu wao ni mweupe, na kutokana na gwyn na byd, yaani ulimwengu, kuna gwynfyd, furaha timilifu. Sisi tunaosema mtu ana moyo mweupe tunaielewa njia hiyo bila kufafanuliwa.

Ukusanyaji wa mifano ulianza mwaka 1921, sehemu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1950 na ya mwisho mwaka 2002. Subira hiyo inaonekana katika nukuu zinazoonyesha neno likitumika karne baada ya karne. Maelezo ni ya Kiwelisi, visawe ni vya Kiingereza, na vifupisho ni vingi, hivyo anayeanza kujifunza atahitaji kamusi ndogo kando yake. Kwa anayetaka kujua neno limetoka wapi na limepitia nini, naipendekeza hii bila kusita.