Authelia au Keycloak kwa seva ya ofisi ndogo Bukavu

Ofisi ya Ibanda yenye Nextcloud (hifadhi ya mafaili), wiki na kamera kwenye seva moja inahitaji mlango mmoja wa kuingilia, yaani mtu aingie mara moja kwa huduma zote. Authelia na Keycloak ni programu za kazi hiyo. Zote huendeshwa ndani ya kontena (kifurushi cha programu kinachojitegemea kwenye seva), nyuma ya proksi kama Traefik, yaani programu inayopokea maombi yote na kuyapeleka kwenye huduma husika.

Keycloak ilitoka 2014, mikononi mwa Red Hat. Ina SAML (njia ya kuingia inayotumiwa na mifumo ya taasisi) na ukurasa mzuri wa kusimamia watumiaji. Chuo chenye mamia ya wanafunzi kiichukue bila kusita. Ila imeandikwa kwa lugha ya Java, inataka hifadhidata kama PostgreSQL pembeni na zaidi ya gigabaiti moja ya RAM (kumbukumbu ya seva). Usipoweka mpangilio wa KC_PROXY_HEADERS=xforwarded, unaoiambia iko nyuma ya proksi, huenda ikatoa viungo vya http badala ya https, na mtu asiweze kuingia.

Authelia imeandikwa kwa lugha ya Go, hula makumi tu ya megabaiti za RAM, na watumiaji wachache wanatosha kwenye faili moja ya maandishi ya YAML. Traefik huiuliza kwa kila ombi kama mtu ameshaingia, kwa hiyo hata kamera isiyojua OpenID Connect (njia ya huduma kuomba uthibitisho wa mtumiaji) inalindwa. Keycloak haifanyi hivyo peke yake. Lazima uongeze programu ya kati kama oauth2-proxy.

Umeme wetu ukikatika na kurudi, Authelia huamka upesi, nami ndiyo ningeiweka. Kwa yoyote kati ya hizo mbili, angalia saa ya seva: Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa, na namba za uthibitisho zinazotolewa na programu ya simu wakati wa kuingia hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa. Saa ikichelewa dakika chache, namba sahihi itakataliwa.