Siku 5 za Baiskeli Toscana: Tathmini ya Safari ya Kutazama Strade Bianche

Mwezi Machi 2025 nilikaa siku 5 katika vilima vya Toscana, nchini Italia, kwa safari ya baiskeli yenye waongozaji iliyopangwa kuzunguka mbio za Strade Bianche, ambazo mwaka huo ziliangukia Jumamosi ya tarehe 8. Nililipa Yuro 1,640 kwa malazi ya usiku 4, kifungua kinywa na chakula cha jioni, huduma ya waongozaji 2, gari la mizigo na baiskeli ya kukodi. Nauli ya treni kutoka Munich, ninakoishi, nilijitegemea mwenyewe. Kundi letu lilikuwa la watu 11. Nimeamua kuieleza huduma hii kwa kirefu kwa sababu Waafrika Mashariki wenzangu wapenda baiskeli waishio Ulaya huniuliza mara kwa mara kama kuna haja ya kulipa fedha zote hizo, ilhali mbio zenyewe hazina kiingilio na mtu yeyote anaweza kushuka Siena kwa basi akasimama kando ya barabara. Swali hilo ni la haki, na nitalijibu kwa kueleza kwanza siku 2 zilizotangulia mbio, maana humo ndimo fedha yangu ilimofanya kazi.

Kwa msomaji asiyezifahamu, Strade Bianche maana yake ni barabara nyeupe. Ni mbio za siku moja zinazoanzia na kuishia Siena, na zilianzishwa mwaka 2007. Kwa kanuni ni mbio za barabara, na waendeshaji wataalamu hutumia baiskeli za barabara zenye matairi membamba, lakini karibu kilomita 80 kati ya kilomita 213 za mwaka 2025 zilikuwa za changarawe, iliyogawanyika katika vipande vilivyotawanyika mashambani. Mbio za wanawake ziliongezwa mwaka 2015 na hufanyika siku hiyohiyo.

Alhamisi asubuhi, kabla hatujagusa barabara, mwongozaji wetu mkuu, mwanamke mzaliwa wa vijiji vya huko aliyewahi kushindana ujanani, alizipitia baiskeli zote 11 moja baada ya nyingine. Alibonyeza kila tairi kwa kidole gumba, akapunguza upepo kulingana na uzito wa mwenye baiskeli, akanirekebishia kiti mara 2, kisha akatueleza mambo machache ambayo nimeyashika hadi leo: usukani usikamatwe kwa nguvu, breki ya mbele isiguswe ghafla penye kokoto zilizolegea, na macho yatazame mbali, pale unapotaka kwenda, kwa sababu anayelitazama shimo huishia shimoni. Aliyasema hayo kwa utulivu na bila haraka, na mtu mwenye woga aliposhuka kwenye baiskeli, mwongozaji alikaa nyuma yake kilomita nzima bila kumwonyesha kwamba anamsubiri.

Siku hiyo tulipita Monte Sante Marie, karibu na mji mdogo wa Asciano, kipande cha changarawe chenye urefu wa kilomita 11.5 ambacho wengi hukihesabu kuwa roho ya mbio hizi. Kina jiwe la kumbukumbu la Fabian Cancellara, Mswisi aliyeshinda mwaka 2008, 2012 na 2016, na ni hapo ambapo mwaka 2024 Tadej Pogačar wa Slovenia aliwaacha wenzake zikiwa zimesalia kilomita 81, akaenda peke yake hadi Siena. Nilikuwa nimeitazama siku ile kwenye televisheni na kudhani nimeielewa. Sikuwa nimeelewa. Televisheni huilaza miteremko na kuifanya njia ionekane laini kama unga, kumbe chini ya ule weupe kuna matuta madogo yaliyojipanga kama bati, yanayoitikisa mikono hadi vidole vinakufa ganzi, na kila unapomaliza kupanda unakuta mteremko mfupi mkali, kona, kisha mpando mwingine. Mimi nimekulia Moshi, nimeendesha baiskeli kwenye vumbi letu jekundu tangu darasa la tatu, na nilikwenda huko nikiamini kwamba barabara isiyo na lami haina la kunifundisha. Changarawe ya Toscana ina tabia yake: ikiwa kavu huteleza pembeni ya barabara ambako kokoto zimerundikana, na njia salama ni ile mikanda 2 myembamba iliyogandamizwa na magari. Kuhama mkanda mmoja kwenda mwingine katikati ya mteremko ni uamuzi, na baada ya kuufanya uamuzi huo mara kadhaa kwa mwendo wa kawaida kabisa, nilianza kuelewa kwa nini wataalamu hupigania nafasi za mbele kabla ya kuingia kwenye kipande, si baada ya kuingia.

Ijumaa ilikuwa nyepesi zaidi, kilomita 48 kupitia Colle Pinzuto na Le Tolfe, na mwongozaji alitueleza kwa nini ametupeleka huko. Tangu njia ilipoongezwa urefu mwaka 2024, vipande hivi 2 hupitwa mara 2, kwa hiyo mtazamaji anayesimama hapo huliona kundi likiwa bado nene, kisha huwaona walionusurika mbio zikikaribia mwisho. Le Tolfe ni fupi, kama kilomita 1 na kidogo, lakini mpando wake hufikia asilimia 18, na watu 4 katika kundi letu walishuka wakasukuma baiskeli. Colle Pinzuto ina kilomita 2.4 na mpando wake mkali hufikia asilimia 15. Hiyo niliimaliza bila kushuka, kwa gia ndogo kuliko zote, nikiwa sina pumzi ya kumjibu mtu.

Siku ya mbio tulipewa hiari. Mwongozaji mmoja alikwenda mjini na waliotaka kuona mwisho, ambako njia huingia kwa lango la Fontebranda, hupanda Via Santa Caterina yenye mwinuko wa hadi asilimia 16 juu ya mawe, kisha hushuka Piazza del Campo, uwanja wa katikati ya mji. Wengine tulifuatana na mwongozaji mkuu kwa baiskeli hadi Colle Pinzuto, tukiwa tumefungiwa mkate, jibini ya kondoo na machungwa. Ilibidi kuchagua, kwa kuwa barabara hufungwa na hakuna gari litakalokuhamisha kutoka mlimani hadi uwanjani kwa wakati. Kampuni ilitueleza hilo wazi tangu barua ya kwanza, jambo ambalo nalisifu, maana nimewahi kuahidiwa kuona kila kitu katika safari nyingine nikaishia kuona foleni ya magari.

Mbio za wanawake zilitangulia. Baadaye, kwa simu ya mwenzetu mmoja, tuliona Mholanzi Demi Vollering akimwacha Mholanzi mwenzake Anna van der Breggen palepale Via Santa Caterina, na mwongozaji akatukumbusha kwamba van der Breggen alistaafu mwaka 2021, akawa mkufunzi wa Vollering, kisha akarudi kushindana naye. Kisha ukaja muda mrefu wa kusubiri, jua likiwaka, watu wakigawana chakula na wageni wasiowajua.

Wanaume walipopita mara ya kwanza niliona rangi tu. Mara ya pili helikopta ilitangulia, zikafuata pikipiki, halafu nikasikia sauti ambayo sitaisahau, ya matairi membamba juu ya kokoto, kama mvua inayoanza kupiga bati. Pogačar alikuwa amevaa jezi nyeupe ya bingwa wa dunia, na jezi hiyo ilikuwa imechanika na kulowa damu upande mmoja, kwa sababu alikuwa ameanguka kwenye mteremko zikiwa zimesalia kilomita 50 hivi. Alipita umbali wa mkono wangu. Vumbi lilikuwa limeganda juu ya damu mkononi, na mdomo wake ulikuwa umefumba. Tom Pidcock wa Uingereza, aliyeshinda mwaka 2023, alikuja sekunde chache nyuma yake, akipambana ili asiachwe, lakini pengo lilikwisha kufunguka kwenye mpando uleule nilioupanda jana yake kwa gia ndogo kuliko zote. Nilitazama gurudumu la Pogačar likipita juu ya ule mkanda wa kushoto uliogandamizwa, palepale ambapo mwongozaji alituambia tupite, na nilijua kwa mwili wangu anachofanya na kinamgharimu nini. Aliyekuwa amesimama jirani yangu, aliyefika asubuhi kwa basi, aliona mtu mwenye damu akipita kasi. Sisi tuliona zaidi ya hapo, na tofauti hiyo ndiyo niliyoilipia.

Sasa niseme yaliyonisikitisha. Jumapili baada ya mbio hufanyika mbio za wazi kwa watu wa kawaida, kwenye sehemu ya njia ileile, na mimi nilikuwa nimelipa ada ya ziada ili nishiriki. Italia hudai cheti cha daktari kwa yeyote anayeshiriki mashindano ya namna hiyo, na mgeni hutakiwa kuwasilisha fomu iliyosainiwa na daktari wake. Kampuni ilinitumia fomu hiyo siku 3 kabla ya safari, wakati ambapo hakuna daktari Munich angeniona. Ada nilirudishiwa yote na niliombwa radhi kwa heshima, lakini asubuhi ya Jumapili nilisimama kando ya barabara nikiwatazama wenzangu 5 wakipita na namba vifuani, na uchungu huo haurudishwi kwa fedha. Fomu hii inafaa kutumwa siku mtu anapolipa malipo ya awali. Dosari nyingine ni ndogo: baiskeli za kukodi zilikuwa nzuri, lakini kanyagio nilizoagiza hazikuwepo, nikaendesha siku 2 kwa za kawaida.

Malazi yalikuwa nyumba ya shambani iliyo safi, yenye maji ya moto ya kutosha watu 11 wanaorudi na vumbi kwa wakati mmoja. Chakula kilikuwa kizuri, ingawa mkate wa Toscana hauna chumvi na huhitaji siku 2 kuuzoea. Kuna jambo moja la jikoni ambalo lazima nilitaje. Safari iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani, na katika kundi alikuwamo kaka mmoja wa Mombasa aishiye Uingereza, ambaye siku ya mbio alichagua kufunga. Chakula cha jioni huandaliwa saa mbili usiku, lakini jioni ile, jua lilipozama saa kumi na mbili na dakika chache, alikuta meza ndogo imeandaliwa kando ya dirisha: tende, maji, supu ya maharagwe iliyopikwa bila nyama, na mafuta ya zeituni. Hakuwa ameomba. Mwongozaji alikuwa amemsikia akinong'ona asubuhi kwamba hatakula, akapiga simu jikoni.

Safari hii inamfaa mtu anayeweza kuendesha kilomita 60 zenye vilima bila kuchoka sana; asiyeweza aombe baiskeli ya umeme, na zilikuwapo 2. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam ahesabu viza ya Schengen miezi kadhaa mapema na aidai kampuni barua inayoonyesha malazi ya kila usiku, kwa jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Na kama anataka kushiriki mbio za Jumapili, adai fomu ya daktari kabla hajatuma hata senti moja.