Kwenda kasino na RV: pa kuegesha kwa bei nafuu, kuanzia panapofaa zaidi

Shemeji yangu ndiye mcheza kamari. Mimi ni dereva tu. Tunaishi Phoenix, na yeye akipata siku nne za mapumziko kutoka kwenye lori lake hataki kusikia habari za hoteli. Anataka tupande RV yetu kuukuu ya futi 24, gari lenye vitanda na jiko ndani, twende Laughlin au Las Vegas kule Nevada, yeye akae kwenye mashine zake, mimi na dada yake tupike na kuteremka mtoni.

Julai moja tuliamua kutolipia maegesho kabisa. Tulipata kasino iliyoruhusu RV kulala bure kwenye lami, kule mwisho wa uwanja. Saa mbili usiku lami ilikuwa bado inachoma nyayo kupitia ndala. Tukawasha jenereta, kiyoyozi kikanguruma, tukalala. Saa tisa usiku kimya. Nikadhani jenereta imekufa. Kumbe jenereta za RV za namna yetu hunyonya petroli kwenye tangi lile lile la injini, ila mrija wake umewekwa juu. Tangi likishuka hadi kama robo, inazima yenyewe ili usije ukashindwa kuliwasha gari jangwani. Kulipokucha tulikuwa tumelowa jasho kama tumevuliwa baharini.

Asubuhi nilipokuwa najaza mafuta nikapiga hesabu. Jenereta ya kilowati 4 ikibeba kiyoyozi hula nusu galoni kwa saa, pengine zaidi kidogo. Ukiiendesha saa 12 ni galoni 6 hadi 7. Galoni ikiwa dola 4, umeshatoa dola 24 hadi 28 kwa usiku wa bure. Ukiwa umekodi gari ni vibaya zaidi, maana kampuni nyingi za kukodisha hutoza jenereta kwa saa, juu ya petroli unayonunua mwenyewe. Tangu siku hiyo huanza na kalenda kabla ya bei: usiku ule nitahitaji kiyoyozi au sitahitaji? Mpangilio wangu wote hapa chini unatokana na swali hilo.

1. Uwanja wa RV wa kasino yenyewe, Jumapili hadi Alhamisi

Kuanzia Mei hadi Septemba sioni cha kushindana na huu. Unapata umeme, maji na shimo la kumwagia maji taka, na mcheza kamari wenu anarudi kwa miguu bila kutafuta teksi.

Laughlin ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mji umepewa jina la Don Laughlin, aliyenunua moteli ndogo ukingoni mwa Mto Colorado mwaka 1964 na kuigeuza Riverside Resort. Uwanja wake wa RV una nafasi zaidi ya 700, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye kasino. Uwanja mkubwa hivyo katikati ya wiki haujai kirahisi, na ndiyo maana bei hutulia. Halafu joto la pale si la kujaribia: rekodi ya joto ya jimbo zima la Nevada iliwekwa Laughlin, nyuzi 52 za Selsiasi, Juni 1994. Atakayekwambia anaweza kulala bila umeme Laughlin mwezi wa saba, mwache ajaribu yeye kwanza.

Las Vegas ni hadithi tofauti. Kwenye Strip, barabara ya kasino kubwa, ardhi imekuwa ghali mno kuachiwa magari ya kulala; kasino ya Circus Circus ndiyo iliyoshikilia uwanja wake wa RV, nao ni lami tupu isiyo na mti. Unalipia ukaribu. Kwa bei ya chini nenda Boulder Highway, upande wa mashariki, kwenye uwanja wa kasino ya Sam's Town ulio chini ya KOA, mtandao wa viwanja vya kambi. Sinema ipo, chakula kipo, na wenyeji wa mji hucheza pande hizo kuliko Strip.

Ukipiga simu, uliza mambo matatu. Kwanza, bei hiyo ni pamoja na kodi na ada zote? Pili, umeme ni wa ampea 30 au 50? Gari dogo lenye kiyoyozi kimoja linatosheka na 30, usilipie 50 bila sababu. Ila kwenye 30 ukiwasha kiyoyozi na maikrowevu pamoja unaweza kuangusha swichi. Tatu, mwenye kadi ya mchezaji, ile ya uanachama wa kasino, anapunguziwa? Kadi hiyo hutolewa bila malipo dirishani, na mara nyingi inashusha bei hata kabla hujacheza. Shemeji husema yeye hupewa usiku wa bure kabisa. Ni kweli, hupewa. Dada yake ana daftari la alichoacha kwenye mashine ili aupate.

Ijumaa na Jumamosi uwanja huu huu hupanda bei sana, na hapo unashuka kwenye orodha yangu. Sisi huingia Jumapili mchana, watu wakitoka.

2. Lami ya bure kwenye kasino za makabila, Oktoba hadi Aprili

Msimu wa baridi namba moja na namba mbili zinabadilishana viti. Usiku ukiwa na ubaridi wa kutosha, blanketi na betri vinatosha, na bure inakuwa bure kweli.

Kasino nyingi za makabila ya wenyeji asilia ziko kwenye ardhi ya kabila, na zilienea baada ya sheria ya mwaka 1988 iliyoweka utaratibu wa kamari kwenye ardhi hizo. Ukiwa kwenye ardhi ya kabila, kwa kawaida kanuni za mji jirani za kukataza kulala ndani ya gari hazikuhusu. Mwenye neno ni kabila, na nyingi zimeona heri dereva alale pale ale chakula chao. Si zote. Nyingine zina uwanja wa kulipia pembeni, kama Avi ya kabila la Fort Mojave kusini mwa Laughlin, na palipo na uwanja wa kulipia usitegemee sana lami ya bure.

Utaratibu ni mmoja: ukifika tu, kabla ya kuzima injini, mtafute mlinzi. Mwambie mna gari gani na mtalala siku ngapi. Wengine watakuandikia karatasi ya kuweka kwenye kioo, wengine watakutuma ukachukue kadi ya mchezaji, na muda hutofautiana kati ya usiku mmoja na siku tatu. Rafiki yetu mmoja hakuuliza. Aligongewa kioo saa nane usiku, watoto wamelala, akaondoka na viti vya plastiki vimebaki nje.

Na viti hivyo ndivyo kosa lenyewe. Lami ya bure ni maegesho, si kambi: usitandaze turubai, usiwashe jiko la mkaa, usimwage hata maji ya kuoshea vyombo. Usishushe jeki za kusawazisha gari bila ubao chini yake, zitazama kwenye lami yenye joto na utakuwa umeharibu uwanja wa watu.

Walioko Dallas: kasino ya WinStar ya kabila la Wachickasaw iko Thackerville, Oklahoma, ukishavuka Red River tu kwa I-35, na Wachoctaw wana uwanja wa RV kwenye kasino yao ya Durant. Hizo zote mbili ni za kulipia, zihesabu kwenye namba moja.

3. Ardhi ya umma

Ardhi ya BLM, shirika la serikali linalosimamia sehemu kubwa ya jangwa la Nevada na Arizona, hukuruhusu kupiga kambi bure hadi siku 14 ndani ya kila siku 28 mahali ambapo hapajakatazwa. Ni pazuri ajabu kwa nyota. Kwa safari ya kasino pana kasoro moja kubwa: gari lako la kwendea mjini ndilo nyumba yako. Kila shemeji akitaka kurudi mezani mnafungasha kila kitu, na aliyekodi anatozwa kwa maili. Tena ziwa kavu linalovutia kwa udongo wake bapa hugeuka ugali mvua ikinyesha. RV nzito ikizama humo, gharama ya kuivuta italipa wiki nzima kwenye uwanja wa namba moja.

Njia ya kati ni kambi ya Boulder Beach ndani ya hifadhi ya ziwa Lake Mead, nusu saa hivi kutoka Las Vegas. Haina umeme wa kuchomeka, ina maji na mahali pa kumwaga. Kuingia hifadhini ni dola 25 kwa gari, inadumu siku saba, na kambi inalipiwa kando.

4. Walmart na vituo vya malori

Hapa ni pa kupumzikia njiani, hapafai kuwa makao. Walmart, yale maduka makubwa, humwachia meneja wa tawi aamue, na mji ukiwa umekataza, meneja hana la kuamua. Ingia uulize. Kwenye vituo vya malori, tafadhali usichukue nafasi ya lori. Dereva aliyemaliza saa zake 11 za kuendesha lazima apumzike saa 10, na akikosa pa kusimama anavunja sheria. Shemeji anasema akikuta RV imelala kwenye nafasi ya lori huwa anapiga honi makusudi. Baadhi ya vituo vya Love's vina nafasi za RV zenye umeme za kulipia, hizo tumia.

5. Viwanja binafsi vya kifahari

Bwawa, mitende, nyasi. Kwa siku mbili ni hasara. Kwa mwezi bei yake ya siku hushuka sana, lakini vingi havipokei gari lililozidi miaka 10, na letu lina 19.

Mpangilio huu wote hufa Desemba. Fainali za kitaifa za rodeo, mashindano ya kupanda farasi na mafahali, zimekuwa zikifanyika Las Vegas tangu 1985 isipokuwa 2020, siku kumi mfululizo, na wapanda farasi huja na nyumba zao. Tuliwahi kufika katikati yake bila nafasi ya kuwekewa. Kila uwanja wa Boulder Highway niliopiga simu ulinijibu kabla sijamaliza sentensi. Tukaenda Boulder Beach, blanketi mbili kila mtu. Kasino shemeji alikwenda mara moja tu, maana kila akitaka kwenda ilibidi atuamshe wote.