Spider-Man 3: Lawama Zipi Zinastahili, Zipi Hazistahili

Tangu ilipoingia katika majumba ya sinema mwezi Mei 2007, Spider-Man 3 ya mwongozaji Sam Raimi imebebeshwa lawama zilezile: kwamba maadui ni wengi mno, kwamba Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man, analia na kucheza dansi hadi anatia aibu, na kwamba hadithi inasukumwa na mambo ya bahati nasibu. Iliingiza karibu dola milioni 895 duniani kote, lakini fedha hizo hazikuiondolea sifa ya kuwa ndiyo iliyoharibu kazi nzuri ya filamu mbili zilizoitangulia, za mwaka 2002 na 2004. Nimeitazama upya kwa makini, dakika zake zote 139, na naona hukumu hiyo ilipitishwa kwa pupa. Zipo lawama za haki kabisa, nami nitazitaja. Nyingi zilizobaki, hata hivyo, zinatoka kwa watazamaji walioingia kutafuta mapigano katika filamu ambayo kutoka mwanzo hadi mwisho inazungumzia msamaha.

Chukua mfano wa Flint Marko, mfungwa mtoro anayeigizwa na Thomas Haden Church, ambaye ana binti mgonjwa na hana fedha za kumtibu. Akiwakimbia polisi usiku, anatumbukia katika shimo la majaribio ya kisayansi, na mwili wake unasagika na kuchanganyika na mchanga. Kinachofuata ni mojawapo ya vipande bora kabisa katika filamu za mashujaa za miaka ile. Punje za mchanga zinaanza kutikisika, zinajikusanya, umbo la mtu linainuka na kuporomoka, kisha linainuka tena. Mbele yake kipo kidani chenye picha ya binti yake. Ananyoosha mkono kukiokota, na vidole vinamomonyoka kabla ya kukishika. Anajikaza, mkono unashikamana, na hatimaye anakipata. Hakuna neno hata moja linalotamkwa, ila muziki wa Christopher Young tu, ambaye katika filamu hii alishika nafasi ya Danny Elfman. Teknolojia ya kompyuta ilikuwa ghali na ngumu wakati huo, na Raimi aliitumia kutuonyesha baba anayejaribu kujizuia asisambaratike kwa ajili ya mtoto. Wanaosema kwamba Marko ni adui wa ziada nadhani wamekisahau kipande hiki.

Tena ni huyuhuyu Marko ambaye Peter anaambiwa kuwa ndiye aliyemuua Ben, mzee aliyemlea. Hapo ndipo idadi ya maadui inapopata maana yake. Harry Osborn, rafiki wa Peter, anataka kulipiza kisasi kwake akiamini ndiye aliyemuua baba yake. Peter anataka kulipiza kisasi kwa Marko kwa sababu ya kifo cha Ben. Na Eddie Brock, mpigapicha mwenzake, anataka kulipiza kisasi kwa Peter aliyemwumbua mbele ya mhariri baada ya kughushi picha. Wote watatu wanaugua ugonjwa mmoja, na yule kiumbe mweusi kutoka angani anayemganda Peter na kumpa vazi jipya anachochea tu hasira ambayo tayari imo moyoni mwake. Anapodhani amemmaliza Marko, Peter anampelekea May, mjane wa Ben, habari hiyo akitarajia afarijike, naye mama huyo anasikitika badala ya kufurahi. Rosemary Harris anaigiza dakika hizo kwa utulivu mkubwa, na kwangu mimi zina uzito kuliko pambano lolote la angani.

Kuhusu dansi, ninaamini watazamaji wengi walicheka mahali walipotakiwa kucheka, kisha wakamlaumu mwongozaji kwa kuwachekesha. Peter ni kijana mpole, mpenda vitabu, ambaye hajawahi kuwa mtanashati. Kiburi kinapomwingia, anaigiza utanashati jinsi anavyoudhania, akishusha nywele usoni na kupiga vidole barabarani huku wapita njia wakimshangaa. Mzaha unakatika ghafla katika klabu ya jazi, anapompeleka msichana mwingine kwa makusudi ili kumuumiza mpenzi wake wa zamani, Mary Jane, anayefanya kazi pale, na katika vurugu inayozuka anamwangusha Mary Jane mwenyewe kwa pigo. Bila upuuzi ule wa barabarani, pigo hili lisingeshtua kiasi hicho.

Lawama ya haki ni ya Venom, yaani Eddie baada ya kugandwa na yule kiumbe mweusi. Inajulikana kwamba Raimi hakuwa na hamu naye na kwamba mtayarishaji Avi Arad ndiye aliyemshawishi amwingize, na hilo linaonekana wazi. Msingi wake ni mzuri: Eddie anapomsihi Peter amhurumie, anajibiwa kwa dharau kwamba akitaka msamaha akatafute dini, naye anakwenda kanisani kweli, si kutubu bali kumwomba Mungu amuue Peter. Juu yake, katika mnara wa kengele, Peter anapambana kulivua lile vazi jeusi. Ni wazo zito, lakini linakuja filamu ikielekea ukingoni, na Venom anabaki na muda wa kunguruma na kufa tu. Vilevile siwezi kumtetea mtumishi wa nyumba ya akina Osborn, ambaye wakati wote ameujua ukweli kuhusu kifo cha bwana wake lakini anamweleza Harry pale tu hadithi inapomhitaji.

Hata hivyo, tazama jinsi ugomvi wa Peter na Marko unavyokwisha. Marko anaeleza jinsi risasi ilivyomtoka bila kukusudia, na haombi kusamehewa, bali kueleweka. Peter anamsamehe, na Marko anapeperuka kama vumbi bila kupigwa wala kufungwa. Ni filamu chache za aina hii zenye ujasiri wa kumwachilia adui namna hiyo. Kwa anayetaka kuipa nafasi nyingine, ninamshauri aanze na ile ya pili, kwa kuwa huko ndiko Harry anapogundua nani yuko nyuma ya kinyago, na asipoyaona hayo, chuki yake katika hii ya tatu itaonekana imeanzia hewani.